Kwa Mama, Niliyemkataza Kuogopa

Mama,

Nianze na ya nyumbani, maana ndiyo ungeyauliza kwanza. Bomba la uani limetengenezwa na halitoi tena ile sauti ya mtu anayekabwa. Kuku wako mwekundu, yule mkorofi, amehamia kwa Bi Zuhura na hataki kurudi. Nikienda kumchukua ananikimbia kama mchuuzi aliyeona askari wa kanjo. Ndege bado zinapita juu ya bati letu zikishuka uwanjani, na vikombe vya kabatini bado vinagongana. Kanga zako amezichukua Mama Mkubwa, isipokuwa ile ya buluu, ambayo nilikataa kuitoa. Kazini bado wamenishika. Nakagua karatasi za makontena, nasoma kila nambari, kisha naogopa, nasoma tena. Mkubwa wangu hunitania, "Dama, hata Mungu hakukagua dunia hivyo."

Hayo ndiyo mepesi.

Zito ni hili. Mama Kanze wa kwaya anaumwa tumbo, kama wewe. Daktari amemwambia mumewe maneno yale yale tuliyoambiwa sisi. Naye amenyamaza. Hasemi panapomuuma, hasemi anachotaka, hasemi neno juu ya mtoto wake. Ukimuuliza hujibu, "Nimepona." Na akibanwa sana husema kwamba anataka kwenda kama alivyokwenda Mama Dama, akitabasamu, bila kutamka neno la hofu.

Mama Dama ni wewe. Na tabasamu lile nililibuni mimi.

Nimejaribu kukuomba radhi katika sala nikashindwa. Naanza vizuri, Baba uliye mbinguni, kisha najikuta namweleza Mungu mambo ambayo si yake, ni yako. Kwa hiyo nimeona nikuandikie wewe mwenyewe. Kwenye karatasi angalau siwezi kukukata kauli. Au naweza, lakini nitajiona.

Unakumbuka neno lile, kukiri, lilivyoingia nyumbani kwetu? Nilipokuwa mdogo, kukiri kulikuwa kwa makosa. Nimevunja kikombe, nakiri. Nimelamba sukari, nakiri, na wewe unanipiga kofi moja la mgongoni na mambo yamekwisha. Halafu neno likarudi kutoka kanisani likiwa na maana ya pili. Sasa watu walikiri uzima, walikiri ushindi, na mtu aliyesema kichwa kinamuuma aliambiwa upesi, "Usikiri hayo." Mimi nililishika neno lile kuliko wengi. Unanijua. Tangu utoto ni mtu wa kurudi kutazama kama mlango umefungwa. Nikaona kwamba hapa ndipo penye usalama niliokuwa nautafuta, kwamba maneno nayo yanaweza kukaguliwa kama karatasi, ukaondoa lenye kasoro, na msiba ukakosa pa kuingilia.

Wewe ulilichezea. "Dama, choo kimeziba. Nikiri au nisikiri?" Siku nyingine ukaita kutoka jikoni, "Wali umeungua, lakini mimi sikiri, na wewe ukiula usikiri!" Nilikasirika. Nikakuambia mambo ya Mungu hayafanyiwi mzaha. Ukajibu, "Abee, mchungaji," ukaendelea kukuna nazi.

Nilikuonea aibu, Mama. Nilikuwa sijawahi kulisema hili. Wewe ulilia harusini. Ulilia watoto wa Shule ya Jumapili wakiimba vibaya. Ulimlilia jogoo akichinjwa, kisha ukamla kwa hamu mpaka mfupa. Na kanisani ulipoomba, sauti ilipanda, mikono ikapanda, kamasi zikatoka, nami nikakusogezea kitambaa huku nikitazama mbele kama mtu aliyeketi karibu nawe kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimesoma. Nilidhani imani ya watu waliosoma haitokei puani.

Kisha tumbo likaanza.

Siku tuliyopewa majibu, tulipotoka uliketi kwenye benchi nje ya lango la hospitali, ukavua viatu, ukasema, "Dama, naogopa." Ulisema hivyo tu, kama mtu anayesema ana kiu. Mimi nilikuwa nimesimama na bahasha ya picha za tumbo lako mkononi. Kama ungeniuliza kwa kweli, ningekuambia naogopa kukushinda. Lakini nilisema, "Usikiri, Mama. Kiri uzima." Nilisema kwa sauti ya kanisani, na mwanamke aliyekuwa akiuza maji akageuka kututazama. Ulinitazama kidogo. Ukavaa viatu vyako.

Baada ya hapo ulijaribu tena na tena, nami kila mara nilikuwa mbele yako. Ulisema usiku hupati usingizi kwa mawazo, nikakuwekea mahubiri kwenye simu. Ulisema mkono wako umekuwa kama wa marehemu bibi yako, nikasema, "Katika jina la Yesu, la." Jioni moja, ukiwa unachambua mchicha, ulisema, "Siku nikiondoka, ule..." na hukufika mbali zaidi. Nilikukata. Nikasema huondoki, hatuzungumzi ya kuondoka katika nyumba hii. Ukarudi kwenye mchicha wako.

Hata leo sijui ni ule upi. Unajua nilivyo, nimetembea nyumba nzima nikitazama vitu vya ngeli hiyo. Mkoba. Mkeka. Ufunguo. Mkufu. Mti wa mlimao pale mbele. Nimekishika kila kimoja nikakuuliza, ni huu? Labda ulikuwa ni wimbo, ulitaka uimbwe, na haukuimbwa. Mtu akisikia haya atasema ni upuuzi, lakini neno lako la nusu limenifanya niogope sarufi.

Mwishowe ulijifunza. Asubuhi nilikuuliza, "Umeamkaje, Mama?" na wewe ukajibu, "Nimepona." Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwelikweli, nikaenda kazini mwepesi. Nilidhani imani imekukolea. Ukaacha kulia, hata kanisani, siku zile chache ulizoweza kwenda. Kitambaa kilikaa kwenye mkoba wangu kikavu, na nilikihesabu kuwa ushindi.

Siku ya mwisho ilikuwa alasiri. Ulinishika mkono wa gauni. Ulifungua mdomo, ukanitazama usoni kwa muda mrefu, na nadhani uliona hofu yangu yote ilivyo, jinsi ilivyovaa nguo za kanisani ikasimama pale kitandani. Ukaufunga mdomo. Ukasema, "Nimepona, mwanangu. Nenda kanywe chai."

Nikaenda kunywa chai.

Niliporudi hukuwa unatabasamu, Mama. Ulikuwa umegeuza uso upande wa mlango.

Siwezi kuandika zaidi ya hapo juu ya siku ile. Niende kwenye mazishi.

Kule kwetu Kaloleni watu walikuwa wengi. Mchungaji aliniita mbele nitoe ushuhuda, na wakati ule ule dada yako, Mama Mkubwa, alikuwa ameanza kuomboleza kwa sauti ile ya kwetu, ile inayokwenda ikitaja majina ya waliotangulia mmoja baada ya mwingine. Nilihisi kwamba sauti ile ikinifikia nitaanguka chini na sitainuka. Nikashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Nikasema: Mama alikwenda akitabasamu. Nikasema: hakukiri hofu hata siku moja. Nikasema tusimlilie kama watu wasio na tumaini. Yalitoka yamenyooka, kama yaliyoandikwa. Mchungaji akapiga makofi, na watu wakapiga makofi. Makofi, Mama, kando ya jeneza lako. Na Mama Mkubwa alikata kilio katikati ya jina, akaketi chini, akajifunika kanga. Tangu siku ile hajanisemesha vizuri. Watu wanadhani ni kwa sababu ya ile kanga ya buluu.

Ushuhuda ule ukatembea. Ulitajwa kwenye ibada, ulitajwa kwenye mikutano ya akina mama, nilisikia ukitajwa hata na mtu nisiyemjua. Kila nilipousikia nilijisikia kama siku ile nilipopitisha karatasi yenye nambari isiyo sahihi, nikawa nangoja simu iite. Lakini safari hii simu haikuita. Watu walinisalimu kwa heshima.

Ni Bi Zuhura aliyenipa pigo, naye hakukusudia. Tuliporudi nyumbani Changamwe nilimpelekea sufuria lake kubwa alilotuazima kwa matanga. Nikabisha hodi kwa mlango wa jikoni, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniambia niketi kwenye kigoda kilichokuwa karibu na jiko.

"Hapo ulipoketi ndipo pake," akasema. "Wallahi mamako nimemkosa."

Nikasema ndiyo, alipenda kuja kuazima kitunguu. Maana hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiniambia, Mama. Nakwenda kwa Bi Zuhura kuazima kitunguu.

Akacheka. "Kitunguu! Kila siku kitunguu? Mwanangu, mamako alikuwa yuaja hapa kulia. Akilia hata nami nalia, twaliana hapa kama watoto. Akishamaliza hunawa uso kwa maji ya birika lile, huniuliza, 'Zuhura, macho yangu vipi?' Nikimwambia yako sawa, ndipo arudi kwako."

Nikamuuliza mbona hukuja kulia kwangu, mwanao, mtu uliyelala naye chumba kimoja.

"Nilimuuliza," akasema. "Akanambia, 'Dama ataogopa.'"

Akaona uso wangu, nadhani, akajuta. Akanimiminia chai. Nikauliza kama ulikuwa ukiomba. "Akiomba sana," akasema. "Kwa Yesu wenu. Mimi huitikia amin. Dua ya mwenye machozi haikataliwi, mwanangu, ntaiwachaje bila kuiitikia?"

Kwa hiyo imani yako haikupungua hata kidogo. Ilikosa pa kuketi nyumbani kwangu, nyumba yenye aya ukutani, ikaenda kuketi kwenye kigoda cha jirani ambaye si wa dini yetu. Nilikuwa nimekuachia Mungu wa kushangilia tu, ukalazimika kuvuka ua ili umpate yule wa kumlilia. Na ukarudi umenawa. Kila siku ulirudi kwangu umenawa.

Nilidhani nitaishi na hilo moyoni na basi. Kisha Baba Kanze akaja kuningojea nje ya ofisi wakati wa chakula cha mchana. Unamjua, yule mrefu wa kwenye godauni, asiyejua pa kuweka mikono yake. Akasema, "Dada Dama, njoo umtie nguvu Mama Kanze. Habari ya mamako ndiyo inayomshikilia." Kisha, akitazama chini, akaniambia kwamba nesi alikuja akauliza kama kuna maumivu, na mkewe akajibu hakuna. Nesi akaandika hakuna, akaenda zake. Mlango ulipofungwa, mkewe akauma shuka. "Mimi nayaona meno, dada. Lakini nikisema neno ananiambia nisikiri."

Nilimwambia nitakuja. Nikarudi ndani nikaketi mbele ya karatasi zangu bila kusoma chochote. Mwanamke yule alikuwa hatibiwi maumivu yake kwa sababu ya tabasamu ambalo hukuwahi kulitabasamu.

Nilikwenda kwanza kwa Mchungaji. Si mtu mbaya, Mama, na sitaki nimwandike kama mtu mbaya. Ndiye aliyekubeba mgongoni kutoka mlangoni mpaka garini siku ile miguu ilipokukataa. Nikamweleza yote, mpaka kigoda cha Bi Zuhura. Akakunjua mikono ya shati, akaikunja tena. Akasema, "Mwanangu, ushuhuda ule umeinua watu. Ukiubomoa, wale walioshikilia hapo watashikilia wapi? Mwache mama wa watu aende na amani aliyo nayo."

Karibu nimtii. Mimi ni mtu wa kutii. Na ilikuwa rahisi: niende kwa Mama Kanze, niseme tena yale yale, nimshike mkono, nirudi nyumbani nikiitwa dada mwenye imani. Kumwambia kweli ilikuwa na maana ya kumpokonya mgonjwa kitu cha pekee alichokamata. Na kama angekufa vibaya kwa sababu yangu? Na kama wangesema nimekuaibisha wewe kaburini? Nilipima pande zote mbili na kila upande nilijiona mwuaji.

Kilichonisogeza si ujasiri. Nilikuwa nimeketi ofisini mchana, wenzangu wamekwenda kula, nikafungua habari ya Bwana Yesu bustanini kabla ya kukamatwa. Tangu Shule ya Jumapili, nikiisoma habari ile nawalaumu wale rafiki zake watatu kwa usingizi. Safari hii niliisoma kama ninavyosoma karatasi za bandari, neno kwa neno, nikishika kwa kidole, na nikaona kitu nilichokuwa nikikiruka miaka yote. Aliwaambia. Kabla hajaomba, kabla jasho halijamdondoka, aliwaambia rafiki zake kwamba roho yake ina huzuni ya kuua, akawaomba wakae naye macho. Hakuwaambia, Nimeshinda. Alikiri, Mama. Kisha akamwendea Babaye na hofu ile ile, hakuinawa kwanza, akamwomba kikombe kimwepuke, akarudia kuomba.

Na wale watatu walilala, ndiyo. Lakini hakuna hata mmoja aliyemwambia asikiri. Kwa uchovu wao wote hawakumsahihisha. Mimi nilikuwa macho, nami nikakusahihisha.

Sijui elimu ya dini zaidi ya hapo. Ninachojua ni kwamba kama kusema "naogopa" ni kukana imani, basi aliyetufundisha imani ndiye wa kwanza kuikana, na hilo haliwezekani. Kwa hiyo mwenye kosa ni mimi.

Leo Jumamosi asubuhi nimekwenda kwa Mama Kanze, kule Port Reitz. Wamemhamishia kitanda sebuleni ili apate upepo wa dirishani. Amekonda mpaka shingo imekuwa ya msichana. Nilipoingia akanitabasamia, na ilikuwa vigumu kutazama, maana lilikuwa ni lile langu, lile nililolibuni, limewekwa kwenye uso wa mtu hai.

"Karibu, Dama. Nimepona." Baba Kanze akanivutia kiti, akatoka nje. Mama Kanze akasema, "Hebu nisimulie tena mamako alivyokwenda."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Yote yalipotea. Nikasema, "Alikuwa akiogopa."

Akakunja uso kama asiyesikia.

"Aliogopa tangu siku ya kwanza," nikasema. "Aliniambia, nikamkataza. Akawa anakwenda kulia kwa jirani. Hakutabasamu, Mama Kanze. Mimi ndiye niliyesema alitabasamu, kwa sababu nilikuwa naogopa kumsikia Mama Mkubwa akilia."

Ndege ikapita juu, ikashuka, sauti yake ikaisha.

"We mtoto," akasema. "We mtoto una wazimu?"

Nikasema labda.

"Tazama hii." Akaivuta pembe ya shuka akanionyesha. Ilikuwa imetoboka kwa meno. "Nimetafuna shuka kama mbuzi kwa ajili ya mamako! Kila siku namwambia Mungu, huyu Mama Dama ulimpa nini ambacho mimi umeninyima? Mbona mimi sitabasamu? Nikajiona sina imani hata ya punje." Kisha, Mama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka tumbo likamuuma, akalishika kwa mikono miwili, akasema, "Uuwi, Mama Dama, kumbe na wewe," na kicheko kikageuka kikawa kilio, kwa sauti kubwa, cha mtu aliyekuwa amekibana kwa miezi.

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Nililisikia neno liko juu ya ulimi, tayari. Usikiri. Usilie. Nililing'ata. Bado ulimi unaniuma ninapoandika.

Baba Kanze aliingia mbio. "Umemwambia nini? Analia nini?"

"Muache!" Mama Kanze akasema. "Keti nawe ulie, ama utoke."

Akaketi pale pale sakafuni, na miguu yake mirefu. Akalia.

Halafu yakaja yote. Panapomuuma, ambapo si mahali pamoja. Kwamba anaogopa usiku. Kwamba anaogopa Kanze atasahau sauti yake. Kwamba anaogopa wanakwaya watampa sehemu yake yule dada anayeimba kama mlango usiotiwa mafuta, na hilo, akasema, linamuuma karibu sawa na tumbo. Kisha akaomba. Aliomba kwa Kigiriama, na haikuwa sala nzuri. Alimuuliza Mungu yuko wapi. Alimwambia amechelewa. Alimwambia, lakini sina mwingine wa kumwambia haya ila wewe. Mimi nilitafuta cha kuongeza sikukipata, nikasema amina tu, na nilipoisema nilijua kwamba Bi Zuhura alinitangulia kwa jambo hili.

Nesi amekuja. Safari hii ameambiwa panapouma. Ameleta dawa nyingine, na Mama Kanze alilala kidogo kabla sijaondoka, mdomo wazi, bila kutabasamu.

Nikirudi nilipita kanisani. Mchungaji alikuwa akipanga viti vya kesho. Nikamwambia nimesema, na kesho nataka kusimama niwaambie wote. Aliendelea kupanga safu nzima. Mwishowe akasema, "Makofi yale mimi ndiye niliyeyaanza." Akaketi kwenye kiti kimoja. "Nitakupa nafasi. Sijui nitasema nini baada yako, lakini nitakupa nafasi."

Naogopa kesho, Mama. Nakuambia wewe, nimeanza kujizoeza. Naogopa watanitazama kama mwongo, na watakuwa wamenitazama sawasawa. Wiki ijayo naomba ruhusa kazini niende Kaloleni, nimwombe Mama Mkubwa aendelee pale alipokatizwa, kwenye jina lile. Nitaketi karibu naye, na nikianguka nitaanguka.

Sikuombi uniambie si kitu. Ni kitu. Ulikufa peke yako nami nikiwa karibu nawe, na hakuna ushuhuda wa kesho utakaobadilisha hilo. Ninaamini Mungu alikuwa nawe ukiwa na hofu yako yote. Sipati faraja katika kuamini hivyo, maana nafasi ile ya kukaa nawe alikuwa amenipa na mimi.

Nimebakisha jambo moja. Nilipokuwa naaga, Mama Kanze alifumbua macho akasema, "Kesho kabla ya ibada uje na kitana na mafuta ya nazi. Siendi kwa Mungu na kichwa hiki." Baba Kanze akashtuka, akanitazama, akingoja nimrekebishe mkewe. Nikamuuliza Mama Kanze kama anataka nimsuke mistari ya kunyooka au ya kuzunguka.

Amechagua ya kuzunguka, ile inayochukua muda. Nitakaa naye muda wote huo, na atakayoyasema nitayapokea kama yalivyo, yawe ya kufa au ya kuishi. Hivyo nitafanya kwa kila mtu atakayeniambia anaogopa, maadamu niko hai. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Pumzika, Mama. Na kama bado hujanisamehe, hilo nalo nitalisikiliza.

Mwanao,
Dama